Imeshika Nini

Jumamosi, 3 Juni

Baba mdogo amekuja leo! Nilidhani ni muuza vyombo, nikafungua mlango nusu. Hajakanyaga hapa tangu tulipomzika kaka. Amezeeka vibaya. Amesimama kizingitini anazungusha kofia mikononi, anatazama pembeni ya uso wangu badala ya usoni. Nikajisemea, vizuri, ona haya. Kumbe ni macho. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Anasema ananiona kama mtu aliye nyuma ya pazia.

Na anataka nini? Pikipiki. Ile ile iliyomuua kaka, iliyolala bandani chini ya turubai.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira hunichanganyia mambo. Injini ile aliifunga yeye, baba mdogo, kwa mikono yake. Akamkabidhi kaka, akamwambia iko kama mpya. Wiki haikuisha. Kaka anashuka mteremko wa kiwanda cha matofali, injini ikashika, gurudumu la nyuma likakaza, akarushwa. Kila mtu anajua: fundi alisahau kutia oili. Fundi mzima! Mtaani walimwita Polepole, eti kwa sababu haraka haijawahi kumponza. Hakukana, hakukiri. Aliacha tu kuja.

Leo anasema anataka kuifungua kabla macho hayajafunga kabisa. Kama alisahau oili, pistoni itasema yenyewe, naye atasimama mbele ya ukoo mzima akiri. Kama hakusahau, basi ajue, apumzike.

Mama hakuinua kichwa kwenye mashine yake. Alikuwa anashona mkanda wa begi la mteja. Akasema, "Shemeji, chuma kile kiuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Maiti haifukuliwi."

Mimi nikasema ifunguliwe. Si kwa huruma! Nataka niwepo. Nataka nione mikwaruzo kwa macho yangu, halafu nimwambie: haya, kiri.

Jumapili, 4 Juni

Sharti langu ni moja: hagusi kitu akiwa peke yake. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, spana nazijua, na chuma kilichoganda nakijua. Akacheka. "Cherehani haina eksozi, mwanangu." Nikamjibu kuwa na yeye hana macho, kwa hiyo ngoma droo. Akacheka zaidi. Sikupenda alivyocheka. Mtu mwenye hatia hacheki hivyo — au ndivyo hasa anavyocheka?

Tumevua turubai. Panya wamezaa ndani ya kiti. Kiki haiendi, ni kama kukanyaga ukuta. Nilitaka kuipanda kwa uzito wangu wote, akanishika bega: usilazimishe, utavunja meno ya gia.

Alipoondoka nimetoa ile rangi ya kucha nyekundu. Niliinunua kwa harusi ya binti wa jirani, nikaipaka mara moja, nikaonekana kama nimetoka kuchinja kuku. Leo imepata kazi. Nimeweka tone kwenye kila nati na kila bolti, pale inapokutana na chuma cha chini yake. Ikigeuzwa hata unywele, rangi itapasuka. Injini, ekseli, mpaka kifuniko cha betri. Ufunguo wa banda nimeuvaa shingoni. Wa pili uko kwa Mama, kwenye kopo la vifungo.

Watu husema nina shuku. Ndiyo, ninazo. Siamini hata mizani ya muuza sukari. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jumanne, 6 Juni

Rangi zote nzima. Nimezikagua kabla hajafika.

Tumeanza na plagi. Imeshikana na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kama imezaliwa nayo. Nikaweka spana, nikavuta kufungua, akasikia ninavyohema akasema hapana. Chuma kilichoshika usikifungue kwanza. Kikaze kidogo! Kikidhani mmekubaliana, ndipo ukirudishe. Nikakaza nukta moja. Ikalia tik. Nikarudisha — ikaja! Nimefurahi nikasahau kununa.

Halafu akaniambia nichomoe kijiti cha oili nimsomee.

Oili ipo. Nyeusi, nzito, mpaka alama ya juu. Nimefuta kijiti, nimechovya tena. Ipo! Akauliza, "Mpaka wapi?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Mpaka wapi, mwanangu?" Akakaa kwenye tofali, akajifuta uso kwa kitambaa kilichojaa grisi, akabaki na masharubu meusi. Sikumwambia.

Mimi si mtoto. Oili inaweza kutiwa hata baada ya msiba. Pikipiki ilikaa uani wiki nzima kabla haijaingizwa bandani, na nani alikuwa anaingia na kutoka siku zile? Yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumechanganya dizeli na oili ya gia, tumeimimina kwa tundu la plagi. Sasa tunasubiri ipenye.

Alhamisi, 8 Juni

Dizeli imeshuka kidogo. Dalili njema, anasema, inapita kwenye ringi za pistoni. Tumetoa hedi. Bolti tatu zimekubali, ya nne ikagoma. Matambara ya maji yanayochemka, kaza, rudisha, kaza, rudisha. Baba mdogo anafanya kwa kusikiliza. Anaweka sikio karibu na spana kama daktari na kifua cha mgonjwa. Mimi nazunguka mgongoni kwake. Mwishowe akasema, "Mwanangu, kivuli chako kinanizibia hata haka kamwanga nilikobakiza."

Juu ya pistoni ni masizi na kutu. Ubavuni hatuwezi kuona mpaka itoke, na kesi yote iko ubavuni. Amenieleza mwenyewe: injini ikikosa oili ikiwa mwendoni, pistoni huyeyuka mbavu, inaacha michirizi ya kusimama, na alumini inabaki imejipaka kwenye silinda. Ikiwa imekaa tu miaka bila kazi, utakuta kutu, mviringo wa kahawia, basi.

Sasa kwa nini ananifundisha namna ya kumkamata? Ama hana hatia, ama ananiandaa nione anachotaka nione. Jioni nimepita kwa fundi wa pale stendi, nikauliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Amesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Sawa. Hapo hakunidanganya.

Mama hakula mchana. Anasema harufu ya dizeli imemjaa kifuani. Banda liko mwisho wa uwanja na upepo unavuma kwenda kwa jirani.

Jumamosi, 10 Juni

Rangi imepasuka! Nilijua! Nilijua!

Lakini si ya injini. Nati ya ekseli ya nyuma, ambayo jana jioni ilikuwa nzima. Imepasuka nusu, kana kwamba mtu alijaribu akashindwa. Na imelowa mafuta. Nimenusa: mafuta ya cherehani, yale mepesi. Yangu! Kopo langu dirishani limepungua. Kwa hiyo ameingia, na mafuta pia ameiba. Mwizi asiyeona, mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini kopo langu ameliona!

Nikamsubiri mlangoni, maneno yote yako kwenye ncha ya ulimi. Amefika ameshikwa mkono na mkwewe, mke wa mwanawe, na jicho lake la kushoto lina bandeji. Tangu jana asubuhi walikuwa hospitali ya macho, na wamelala huko huko. Mkwewe ndiye aliyesema, bila kuulizwa. Siwapendi watu wanaojibu kabla ya swali. Nikauliza wodi gani, nesi gani, alilazwa upande wa dirisha au wa mlango, mpaka mke wa watu akaniuliza kama siku hizi niko polisi.

Majibu yote yamekaa sawa. Basi nani?

Nimemwuliza Mama kama kuna mtu ameomba ufunguo. Hapana. Vidole vyake vya mkono wa kulia vimechubuka kwenye maungio. Ni mashine, anasema. Mashine ya Mama naifungua na kuifunga mimi kila mwezi, na haina pa kumchubua mtu pale.

Jumapili, 11 Juni

Nimebadili kufuli. Mama ameuliza kwa nini. Nikasema la zamani lina kutu.



Jumanne, 13 Juni

Imeachia!

Matambara ya moto yamezungushwa silinda, tumebadilisha kila yalipopoa. Baba mdogo ameshika kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, mimi nyundo. "Usipige. Bisha hodi." Nikabisha. Nikabisha tena. Mkono wangu mwingine uko kwenye spana ya shafti, nasukuma mbele nukta, nyuma nukta. Halafu — kraa! — kama mtu anavuta kiti sakafuni. Ikashuka upana wa ukucha. Ikashuka tena. Nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Tumeivua silinda. Nikamwambia asimame kando. Nimeiosha pistoni kwa petroli, nimeipeleka juani, nimevaa lenzi yangu ya kutazamia ncha za sindano. Nimeigeuza kila upande. Nilitafuta hatia ubavuni mwa chuma kile kama mtu anayetafuta pete mchangani.

Safi. Hakuna mchirizi hata mmoja. Mviringo wa kahawia pale ringi zilipolala, basi. Silinda vivyo hivyo. Beringi inazunguka laini kama ya mashine mpya. Injini hii haikushika barabarani. Ilishika hapa, bandani kwetu, kwa unyevu na kutelekezwa.

Yeye amesimama na mikono mbele, anasubiri. Nikasema, "Ni kutu, baba mdogo. Kutu tu."

Akaiomba. Akaisugua ubavu kwa dole gumba, akaizungusha, akaisugua tena. Kisha akalia, wala hakujificha. Bandeji imelowa, na daktari alimkataza.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Miaka yote hii, nikimwona barabarani nilivuka upande wa pili. Mkewe alipougua sikwenda. Nimempa maji tu. Hata pole nimeishindwa!

Kabla ya kuondoka amesema Jumapili atawaita wazee wa ukoo waje kuiona pistoni kwa macho yao. Ni haki yake. Lakini watauliza ninachojiuliza sasa hivi. Kama injini haikushika, gurudumu lilikazwa na nini?

Jumatano, 14 Juni

Mama ndiye aliyekuwa na kaka hospitali, mpaka mwisho. Leo nimemwuliza kaka alisema nini hasa. Nataka maneno yenyewe.

Akakata uzi kwa meno. "Alisema, mama, imeshika. Imeshika ghafla."

"Alitaja injini?"

"Alisema imeshika."

Imeshika! Injini imeshika, ndiyo. Lakini na breki imeshika. Cheni imeshika. Gia imeshika. Zote ni hiyo hiyo i! Laiti angesema limeshika, tungejua anasema gurudumu. Herufi moja, na mtu mzima ametwishwa kifo cha mtoto wa kaka yake.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Nani alikuwa wa kwanza kulitia neno injini? Nakumbuka uani, watu wamejaa, mimi nimekaa chini. Mama anatoka chumbani, anashikilia mlango. "Injini ya shemeji imeshika." Sauti yake. Hakuna mwingine aliyesema kabla yake.

Na nati iliyojaribiwa ni ya gurudumu la nyuma. Si ya injini.

Ijumaa, 16 Juni

Asubuhi amekuja mtu wa vyuma chakavu na mkokoteni. Anasema mama mwenye nyumba amemwita, achukue pikipiki nzima kama ilivyo. Leo hii! Siku mbili kabla ya wazee! Nikamfukuza. Akaenda analalamika kuwa nyumba hii ina wakubwa wawili.

Mama aliendelea kukanyaga mashine, lakini sindano haikuwa na uzi. Niliona.

Mungu wangu, sasa namshuku mama aliyenizaa. Najionya: ulimfunga asiye na hatia kwa shuku hizi hizi, unataka kumfunga na wa pili? Mzee, mgonjwa wa presha, mjane, amezika mwana. Lakini vile vidole! Na mafuta — mashine yake iko karibu na dirisha, karibu kabisa na kopo langu.

Nimemtumia baba mdogo ujumbe kwa mkwewe, aje kesho mapema. Tufungue breki ya nyuma.

Jumamosi, 17 Juni

Naandikia bafuni. Nimetia komeo. Nimewaambia nanawa mikono.

Ekseli ilikubali upesi. Kaza kidogo, rudisha. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ndiyo iliyogoma, tumeigonga kwa mti kuizunguka yote, baba mdogo anageuza na mimi nagonga. Ikatoka ghafla ikaniangukia mapajani na vumbi jeusi la kujaza kikombe.

Breki hii ina vyuma viwili vya nusu mviringo ndani. Juu ya kila kimoja panatakiwa pawe na ule ukanda mgumu wa kiwandani, ndio unaokamata dramu. Kimoja kinao, umelika karibu kwisha. Cha pili hakina. Kina ngozi. Mkanda wa begi! Umekatwa kwa kipimo, umezungushwa juu ya chuma, umeshonwa. Upande mmoja umechanika, ukajikunja, ukajipenyeza kati ya chuma na dramu, ukakaza kama kabari. Hapo ndipo gurudumu liliposimama. Hapo ndipo kaka aliporushwa.

Kaka hakuwa mtu wa kusubiri spea. Mtu wa kuungaunga, apate kutoka leo. Na angemwambia baba mdogo, Polepole angemnyang'anya ufunguo wa pikipiki. Kwa hiyo hakumwambia. Mpaka hapo nilikuwa na uchungu tu, na hasira kidogo kwa marehemu, Mungu anisamehe.

Kisha nikafuta vumbi kwenye mshono.

Uzi wa nta, ule mnene. Mishono ya karibu karibu, iliyonyooka. Mwishoni unarudi nyuma mara tatu na fundo limefichwa chini, lisionekane na mteja. Kaka hakuweza kushona hata kifungo cha shati. Na katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayerudi nyuma mara tatu. Wengine hurudi mara mbili. Mimi mwenyewe nimemtania miaka yote, Mama, unapoteza uzi.

Alishona yeye. Aliambiwa ni ya nini? Au kaka alimwambia tu, mama, nishonee hapa, nina haraka — naye akamshonea, kama alivyomshonea kila kitu tangu akiwa mchanga? Halafu pale hospitali, mama, imeshika — akaelewa yote. Akatoka mlangoni, akawaangalia watu, akasema injini.

Sijui nimchukie au nikamkumbatie.

Baba mdogo alikuwa kwenye tofali lake. Akanyoosha mkono. "Nipe nishike." Sikumpa. Vidole vyake vingesoma ule mshono kabla mimi sijafumbua mdomo. Nikasema vumbi hili linachoma, subiri nilipanguse. Uongo wangu wa kwanza kwake, na nimeutoa wiki hii niliyojua kuwa yeye hakuwahi kunidanganya!

Akaushusha mkono polepole. "Mimi sina macho, mwanangu. Leo macho yangu ni wewe. Umeona nini?"

Nikageuka, na Mama yuko mlangoni mwa banda. Miaka yote hii hajalisogelea nikiwapo. Mkasi bado mkononi. Hakumtazama shemeji yake, hakuitazama dramu. Alinitazama mimi.

Nikachomoa ngozi, nikaitia mfukoni, nikasema nanawa mikono nakuja. Iko hapa, ukingoni mwa ndoo. Nikiitupa chooni inapotea. Na kesho wazee wataiona pistoni safi, watauliza basi ni nini, na baba mdogo hatakuwa na jibu. Watasema fundi ameisafisha. Nawajua. Ningesema hivyo mimi mwenyewe, wiki mbili zilizopita.

Nikiitoa, Mama atakuwa amemwua mwanawe mara ya pili, mbele ya watu.

Mikono nimekwisha nawa. Maji yameisha ndooni.

Hatua zinakuja. Si za baba mdogo, yeye hupapasa ukuta. Zimesimama. Anabisha kwa ukucha, kidogo tu. Anasema chini chini, shemeji yake asisikie:

"Mwanangu. Umeshamwambia?"